Sauti Kutoka Stoo ya Dagaa

Binti yangu anafanya kazi kwenye ofisi moja Dodoma. Juzi alipokuja kunisalimia alinionyesha kwenye simu yake jinsi wanavyowaza pamoja kazini. Kila mtu anatupia wazo lake humo, jina halionekani, na bosi haruhusiwi kupinga chochote mpaka muda waliopanga uishe. Akaniambia, mama, haya ni mambo mapya kabisa, tumefundishwa semina nzima. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mambo mapya! Nyie watoto mnadhani dunia ilianza siku mliyozaliwa.

Sisi tulikuwa na redio.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikianza kukumbuka huwa naruka kama mbuzi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika Sumbawanga kutoka Tunduma. Ilikuja mitumba, zikaja sabuni za kunukia na saa za mkononi zinazolia zenyewe. Zikaja pia redio kaseti. Mzee Obed Mwasandube, karani wa ujenzi, mtu wa Tukuyu aliyehamishiwa kwetu zamani sana, alinunua moja kubwa nyeusi yenye sehemu mbili za kanda, apate kusikiliza kwaya za Moraviani akitoka kazini. Lwitiko, mtoto wake mkubwa, akaiomba awe anakuja nayo kwenye kikundi chetu cha maigizo. Mzee akakubali kwa sharti moja tu, kwamba betri tujinunulie wenyewe.

Hizo betri zilitufundisha maisha. Zikichoka tunazianika juani juu ya bati, zikipata joto zinafufuka kidogo, tunamalizia wimbo. Na jua la Sumbawanga mwezi wa saba mnalijua, linaangaza tu, halipashi. Upepo unashuka milima ya Mbizi, unapita mtaani kwetu Chanji, unaingia mpaka kwenye mifupa. Lakini tulikuwa vijana, baridi tuliisikia kwa mbali.

Tulikutana uani kwa mama yangu. Mama, Dominika jina lake, aliuza dagaa wa Kirando, na nyuma ya nyumba alikuwa na stoo ya matofali ya kuchoma iliyojaa viroba vya dagaa hadi darini. Mwenyekiti wetu alikuwa Alfonsi, fundi cherehani, mtu mwenye maneno mengi kuliko nguo alizowahi kumaliza kushona. Mpiga ngoma alikuwa Shija, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe zao bondeni. Huyo akiongea, hata kuku wanakaa kimya wamsikilize.

Kabla ya redio, kuwaza pamoja kwetu kulikuwa hivi: Alfonsi anasema, Shija anabisha, Alfonsi anasema tena, Shija anabisha kwa sauti kubwa zaidi, na sisi wengine tunatazama kuku. Msichana akifungua mdomo, Alfonsi anamwambia subiri kwanza. Ile subiri yake haikuwa na mwisho. Mimi angalau nilikuwa na ulimi, nilimjibu. Lakini wadada kama Sekela, mdogo wake Lwitiko, walikuja na kuondoka bila mtu kujua kama wana sauti.

Lwitiko ndiye aliyesema, hebu tujaribu kitu. Redio iwekwe stoo juu ya kiroba. Kila mtu aingie peke yake, afunge mlango, abonyeze kile kitufe chekundu pamoja na cha pembeni yake, aseme wazo lake, azime, atoke. Anayetaka kubadili sauti abadili. Halafu wote tukae tusikilize. Sheria zikawa mbili: hakuna kuuliza nani kasema, na hakuna kusema hapana mpaka kanda iishe.

Alfonsi alinung'unika kwamba ni mchezo wa kitoto. Lakini alipoingia yeye alikaa humo mpaka tukadhani kalala.

Basi, siku ya kwanza tu, tulishangaa. Kumbe watu walikuwa na mambo! Tulikuwa tunatunga igizo la miti ya Mbizi, kwa ajili ya mashindano ya siku ya kupanda miti, na kwa muda mrefu tulikuwa hatuna kitu zaidi ya hotuba za Alfonsi. Kanda ile ikatoa sauti moja ikisema mti wenyewe ndio usimulie. Nyingine ikasema mwenye shoka awe ni mtu mwema, si mtu mbaya, ana mtoto mgonjwa na anahitaji kuni. Lwitiko akaweka kanda tupu upande wa pili, akawa anahamisha yale yanayoendana, hili karibu na lile, mpaka jioni igizo likawa limesimama. Shija alifanywa mti. Baadaye, siku ya mashindano, alikaa kimya jukwaani nusu saa nzima, jambo ambalo mama yake mwenyewe alikuja kulishuhudia.

Wote tulitoka mle tukinuka dagaa. Ukikutana na mtu mjini ananuka dagaa na anatabasamu, ujue ni wa kikundi chetu.

Ile sauti ya mti kusimulia ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeibadili, nikafanya kizee kisicho na meno. Jioni ile Lwitiko alikuwa anakunja waya za redio, akanitazama chini chini na kusema, "Kuna bibi mmoja ameingia stoo leo. Sijamwona akitoka."

"Labda kafia humo," nikamwambia.

"Hapana. Yuko hai. Nimerudisha kanda mara nyingi kumsikiliza."

Moyo wangu, sijui niuelezeje. Nilijifanya nachambua dagaa. Nilichambua hata waliokwisha kuchambuliwa. Tangu siku ile, nikiingia stoo nilikuwa nikijua kwamba ninayemwambia si kikundi, ni yeye, na yeye alikuwa akijua kwamba najua. Hatukuandikiana barua wala kutumana watu. Tulipendana kwa kutunga igizo la miti, na mpaka leo nikisikia mlio wa kitufe cha kaseti, kama bado kuna mahali kinalia, mwili unasisimka.

Sasa tuje kwenye kilichoniumiza.

Jumapili moja Lwitiko aliniambia twende kwao nikamwone baba yake. Mama yao alikuwa Tukuyu anaangalia migomba na chai, hapa mjini walikuwa wao watatu tu, mzee, Lwitiko na Sekela. Lwitiko alizaliwa na kukulia Sumbawanga, Kifipa anakiongea kunizidi. Mimi nilijiandaa kuanzia asubuhi. Nilivaa gauni refu na kitenge juu yake. Mama akanikumbusha adabu zote, ingawa sikuhitaji kukumbushwa. Sisi Wafipa salamu ndiyo utu wetu. Mtu akipita bila kusalimu, wenye nyumba wanaulizana, yule anaumwa au ana nia mbaya?

Nilipofika nikamkuta mzee amekaa kibarazani. Nikamwendea moja kwa moja. Nikachutama mbele yake, nikapiga makofi yale ya taratibu ya salamu yetu, nikamwamkia shikamoo baba, nikamuuliza habari za nyumbani, za kazi, za Tukuyu, za mama. Nilimtazama usoni kwa upole nikasubiri majibu. Mzee akanitazama, akaitikia kwa neno moja, akanyanyuka, akaingia ndani, na hakutoka tena. Nilikunywa chai na Lwitiko huku mlango wa chumba umefungwa.

Usiku ule alimwambia mwanawe kwamba yule binti hana adabu na hawezi kuwa mkwe katika nyumba yake. Lwitiko akauliza, adabu gani? Mzee akasema adabu ya kuulizwa si adabu tena. Akafunga mjadala.

Hana adabu. Mimi! Wangeniambia sina sura, ningeenda kwenye kioo nikahakikisha. Wangesema sisi ni Wakatoliki na wao ni Moraviani, ningeelewa. Lakini adabu, ambayo mama yangu alinilea nayo kama uji? Lile neno lilinichoma mpaka chakula kikanishinda. Mama naye alipolisikia alikaa kimya siku nzima, na mama yangu akikaa kimya ni msiba. Alisema tu kwamba hatamlazimisha mtu kumpokea mtoto wake, dagaa wake wenyewe halazimishi mtu kununua.

Kisha ikafika ile Alhamisi.

Nilimkuta Lwitiko uani, anageuza betri juu ya bati. Hakunisalimia. Aligeuza ile iliyokuwa imegeuzwa tayari, nikajua kuna jambo.

"Sema," nikamwambia.

"Jumamosi napanda basi la Mbeya. Baba ameandika kwa mjomba, nikakae naye dukani Mwanjelwa. Kuna binti wa Rungwe wameshamwona."

"Wamemwona wao. Wewe umemwona?"

"Coleta, mimi ninayemwona ni mmoja."

"Basi mwambie baba yako."

"Nimemwambia. Amesema akitoka kazini leo anapitia hapa kuchukua redio yake, na kikundi basi." Akairudisha betri juu ya bati. "Siwezi kumkimbia baba yangu. Na siwezi kukuacha wewe. Niambie nifanye nini, maana mimi nimefika mwisho wa akili."

Tulisimama pale, tunatazama betri kama watu wanaosubiri mboga iive. Nilijua kwamba akipanda lile basi, vumbi la basi kwenye barabara ya Laela kuelekea Mbeya ndilo la mwisho nitakaloliona kwake. Vijana wa watu waliopelekwa kwa wajomba walikuwa wanarudi na wake.

Wenzetu wakafika. Habari ilikuwa imeshawatangulia, mji wetu ulikuwa mdogo. Nilidhani Alfonsi ataanza na igizo kama kawaida, lakini alikohoa, akavua kofia, akasema leo miti ipumzike. Akasema mashine hii inaondoka jioni, na kabla haijaondoka itafanya kazi moja ya mwisho. Tatizo la leo ni Coleta na Lwitiko. Kila mtu aingie stoo na wazo lake. Sheria ni zile zile.

Nilitaka kukataa, nani anapenda mambo yake yasemwe kwenye kanda? Lakini Lwitiko alinitazama, na yale macho sikuweza kuyanyima kitu. Wakaingia mmoja mmoja. Mama alikuwa mbele anapimia wateja, akawa anapenyeza kichwa kila mara kujua tunachofanya.

Tulipokaa kusikiliza, Lwitiko alibonyeza. Sauti ya kwanza ilijaribu kubadilika ikashindwa, ilikuwa ya Shija na uani wote tuliijua. Ilisema kwao mambo haya ni ng'ombe tu, mzee apelekewe ng'ombe mwenye maziwa uone kama hatacheka. Ya pili ilikuwa na hotuba, ikashauri aende paroko akaongee na mchungaji wa Moraviani. Ya tatu ilisema watoroke waende Kabwe, huko ziwani hakuna anayeuliza cheti cha ndoa. Tulicheka, hata Lwitiko alicheka kidogo. Nilikuwa nacheka na machozi yako karibu, maana niliona wazi kwamba hakuna lililo na kichwa wala miguu.

Kisha ikaja sauti ndogo. Haikubadilishwa. Ilikuwa inapumua kwanza, kama mtu aliyebeba ndoo.

"Coleta alimwamkia baba," ikasema. "Hilo ndilo kosa. Kwetu Tukuyu mkwe wa kike haamkii baba mkwe. Hamtazami, hamsogelei, hata jina lake hatamki. Akimwona anatoka njiani, anajificha mpaka apite. Mzee naye anamkwepa vivyo hivyo. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Bibi alinifundisha nilipokaa kwake. Msichana anayemchutamia mzee usoni anamwambia kwamba mimi si mkwe wako, mimi ni mpita njia. Baba hawezi kulieleza. Mzee atasemaje kwamba nilitaka anikimbie?"

Kitufe kikalia. Kanda ikaendelea kukwaruza bila neno.

Hakuna aliyegeuka kumtazama Sekela. Sheria ni sheria. Kwa jicho la pembeni nilimwona ameinama, anachora chini kwa kijiti, na masikio yamemwiva. Msichana ambaye hakuwahi kufungua mdomo kwenye kikundi, kumsema baba yake mbele ya kaka yake na mbele ya watu! Uso kwa uso asingethubutu hata angechapwa. Stoo ndiyo iliyompa nafasi. Nilitaka kwenda kumkumbatia, nikajizuia.

Lwitiko alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mimi ndiye niliyekupeleka," akasema. "Nimekaa Sumbawanga mpaka nimesahau kwetu."

"Hukusahau. Hukuwahi kukaa huko," nikamwambia. Lakini hasira zilikuwa zinanipanda, na si kwake. Nikasimama. "Kwa hiyo nimkimbie? Mzee wa watu, nimwone, nikimbie kama mwizi wa kuku? Hapa Chanji, mbele ya watu wote? Mama yangu atazirai."

"Kanda haijaisha," Alfonsi akanikumbusha kwa upole, na ilikuwa kweli. Hakuna kusema hapana.

Ndipo Shija, aliyekaa upande wa njia, akasema polepole kuliko alivyowahi kusema kitu chochote maishani mwake, "Mzee huyo anakuja."

Nilitazama. Ni kweli, Mzee Obed alikuwa anapandisha njia ya kwetu, na koti lake la kijivu na mwavuli wa kila siku, anakuja wima. Njia ile haikuwa na kona. Alikuwa ameshaniona, nami nilikuwa nimemwona, na kati yetu palikuwa na uwanja mtupu na kuku wa mama.

Mama naye alimwona. Alikuwa mlangoni, kopo la kupimia dagaa mkononi. Alinyoosha kitenge chake haraka, akanigeukia. Nilijua anawaza nini. Alikuwa anawaza kwamba leo yule mzee atajionea mwenyewe mtoto aliyelelewa.

"Coleta," akasema kwa sauti ya chini, "nenda kampokee mzee mwavuli. Msalimie vizuri."

Watu wanasema mtu hufikiri haraka siku ya hatari. Mimi sikufikiri. Nilimtazama mama, nikamtazama Lwitiko ambaye alikuwa amesimama na redio kifuani kama mtoto mchanga. Nikaona lile basi la Jumamosi. Nikajifunika uso kwa kitenge, nikageuka, nikakimbia.

Nilikimbia, ndugu zangu. Nilipita kati ya kuku, nikaruka mfereji, nikazunguka stoo, nikaingia nyuma kwenye shamba letu la maharage ambako marehemu baba alikuwa amerundika mawe ya msingi wa nyumba asiyowahi kuijenga. Nikajikwaa kwenye mawe hayo, nikaanguka, goti likachubuka, nikabaki pale pale nimelala nyuma ya rundo. Nyuma yangu nilisikia sauti ya mama, "Coleta! We Coleta! Mzee huyo! Umerogwa?" Sijawahi kusikia aibu kwenye sauti ya mama yangu kama siku ile, na ilikuwa mimi niliyemtia. Nilibana kitenge mdomoni nisilie kwa sauti.

Halafu nikasikia kikohozi.

Kilikuwa kikohozi cha makusudi, kirefu, cha mtu anayewaarifu watu kwamba anapita. Nilichungulia kwenye tundu kati ya mawe. Mzee Obed alikuwa amesimama katikati ya njia. Kisha, mbele ya watu wote, mtu mzima yule akageuza uso upande wa pili, akaacha njia, akakanyaga majani marefu, akazunguka uwanja mzima kwa nje akiupa mgongo upande niliokimbilia. Viatu vyake vilivyopakwa rangi vikaingia kwenye tope la mfereji. Hakutazama nyuma hata mara moja. Mzee alikuwa ananikwepa.

Mama alikuwa hajui chochote. Nilimsikia akiomba samahani kwa haraka, maneno yanagongana, kwamba mtoto hakulelewa hivyo, hajui amepatwa na nini, tangu utoto anasalimia hata vichaa.

"Mama," mzee akamkatiza, taratibu. "Usimgombeze. Umelea."

Mama alibaki na kopo lake. Mzee akauliza mashine iko wapi, Lwitiko akampa. Lakini hakuondoka nayo. Aliibeba, akaingia stoo, akafunga mlango. Wote uani wakatazamana. Walisikia mlio wa kitufe. Alikaa humo muda wa kunywa kikombe cha chai, akatoka mikono mitupu, akachukua mwavuli wake, akamwambia Lwitiko asichelewe kurudi nyumbani, akashuka zake kwa ile njia ya majani, ananuka dagaa kama sisi.

Ndipo waliponiita. Nilitoka nachechemea. Mama hakunitazama, alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso ameuficha. Lwitiko aliileta redio nje, akaiweka chini katikati yetu, akarudisha kanda. Nilikaa karibu naye. Sekela alikuja akakaa upande wangu mwingine, na kwa mara ya kwanza akanishika mkono.

Kwanza kilisikika kikohozi. Halafu sauti ya mzee, nzito, inaongea karibu mno na mashine.

"Mimi ni baba yake Lwitiko. Aliniambia sheria yenu, kwamba humu hakuna kukatizwa mpaka kanda iishe. Basi nami msinikatize. Nina mawazo kidogo. Kuhusu miti. Nimelisikia lile igizo lenu kwenye kanda. Mti unaposimulia, usisimulie kuhusu shoka peke yake. Usimulie pia aliyeupanda akazeeka. Hilo moja."

Alfonsi alitikisa kichwa kukubali, kama vile mzee anamwona.

"Lingine. Lwitiko haendi Mbeya Jumamosi. Nitakwenda mimi, kuwaeleza ndugu zetu wajiandae kuja kwa huyu mama wa dagaa na posa. Redio nimeiacha, mtu hasafiri na mzigo wa hivi."

Lwitiko alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu asubuhi. Hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa tunaogopa kupoteza neno.

"La mwisho." Hapo mzee akakohoa tena, na sauti ikashuka, ikawa ya mtu anayeongea na mtoto mlango ukiwa umefungwa. "Mwambieni mkwe wangu, pale nyuma ya nyumba pana mawe. Siku nyingine akimbie polepole. Nitakuwa nakohoa mapema."

Kitufe kikalia.

Nililia. Sikuona haya, nililia kwa sauti, Lwitiko ananiita jina na mimi nashindwa kuitika. Nimeishi na mzee yule ukwe wa miaka mingi, nimempikia, nimemfulia, nimemzalia wajukuu, na sikuwahi kumtazama usoni tena. Nilimjua kwa kikohozi chake kutoka mbali. Alipokuwa na neno la kuniambia alilisema kwenye kanda, akaiacha mezani, nami nikamjibu kwenye upande wa pili. Sikuwahi kuwa karibu na mtu mzima yeyote kama nilivyokuwa karibu naye.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile, tulipokuwa bado tumekaa uani, na betri zinaanza kuchoka, mama yangu aliinuka kwenye kigoda chake. Akaja na kopo lake la dagaa, akachutama mbele ya redio, akapangusa macho kwa pindo la kitenge.

"Rudisha hapo," akamwambia Lwitiko. "Hapo penye mkwe wangu."